Mama Yake Hajaambiwa

Habari ya kufariki kwa mume wangu ilinifikia kanisani Kanyangi, wakati wa matangazo. Alikuwa amelazwa hospitalini Kitui, na Jumapili ile ilikuwa zamu ya mdogo wake kushinda naye. Mzee mmoja wa kanisa aliingia kwa mlango wa kando, akaja hadi kwenye benchi langu, akainama, akaniambia sikioni. Nakumbuka nilichukua kitabu changu cha nyimbo, nikakitia mkobani, nikafunga zipu. Ile zipu naikumbuka kuliko maneno. Tangu hapo mwili wangu ulifanya kila kazi uliyopewa, na mimi nikawa kama mtu aliyeketi chumba cha pili, anasikia vyombo vikioshwa na hajui ni nani anayeviosha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa na watoto wawili. Kijana wetu alikuwa muuzaji katika duka la kaka yangu kule Matiliku, nilikozaliwa, na habari alipelekewa na dereva wa lori la mahindi. Kesho yake alikuwa nyumbani, amekwisha kuchimba choo cha wageni. Dada yake, kifungua mimba wetu, alikuwa ng'ambo akisomea uuguzi, na huyo ndiye ambaye hakuna lori lingeweza kumfikia. Alikuwa amehama bweni akaenda kupanga chumba na wenzake, na nambari mpya ya simu alisema angetuandikia. Njia iliyobaki ilikuwa barua pepe. Na barua pepe yetu ilikuwa imefungwa.

Ngoja nieleze habari ya anwani hiyo polepole, kwa sababu kijana anayesoma leo ana simu mfukoni na hawezi kuelewa watu wazima walivyofungiwa nje ya kitu kisicho na mlango. Usijali ukichanganyikiwa kidogo. Sisi wenyewe tulichanganyikiwa, na tulikuwepo.

Kanisa letu lilikuwa na sanduku la posta Kitui mjini, na ufunguo wake ulikuwa mmoja. Haukukaa nyumbani kwa mtu. Ulining'inia kwenye msumari dukani, pale sokoni Kanyangi, nyuma ya kaunta. Yeyote aliyekuwa akienda Kitui kwa shughuli zake aliuchukua, akafungua sanduku, akarudi na barua za watu wote zikiwa zimefungwa kwenye leso pamoja na chumvi na betri zake. Hakuna aliyeandika sheria. Basi mume wangu, aliyekuwa amestaafu kazi ya kilimo serikalini na aliyependa kila kitu kipya, alipofungua anwani ya barua pepe ili tumwandikie binti yetu, alifanya jambo ambalo yeyote kati yetu angefanya. Alikata kipande cha kadibodi, akaandika juu yake anwani na neno la siri, akakitoboa tundu, akakifunga kwa kamba kwenye ufunguo wa sanduku. Familia nyingine zenye watoto mbali zikaanza kuitumia anwani hiyohiyo. Watoto waliandika mwanzoni mwa barua, "Hii ni ya mama yetu, yule wa karibu na bwawa," na aliyekuwa zamu mjini akaiprintisha na kuileta.

Najua unacheka. Cheka tu, haidhuru. Nilikuwa mwalimu wa watu wazima, wa yale madarasa tuliyoyaita ngumbaru, nikifundisha kina mama kusoma chini ya paa la kanisa kila alasiri, na mimi pia sikuona kasoro. Kwetu neno la siri lilikuwa aina ya ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa wote.

Miezi kadhaa kabla ya kifo kile, mmoja wetu alifungua barua iliyokuwa na kitu kimebandikwa ndani yake. Hatukuwahi kujua ni nani, na hatukutafuta. Kitu hicho kilikuwa kirusi. Wanafunzi wangu waliponiuliza kirusi cha kompyuta ni nini, niliwaambia hivi: fikiria mtu ameingia nyumbani kwako hukumwona, akavaa koti la mume wako, akatoka usiku kubisha hodi kwa kila jirani unayemjua, na kila jirani anafungua kwa sababu amelitambua koti. Ndivyo kirusi kilivyofanya na anwani yetu. Kiliandikia kila mtu aliyewahi kutuandikia, kwa jina la mume wangu. Baadaye mtu mwingine, labda mwizi wa mbali, alibadilisha neno la siri. Mume wangu wakati huo alikuwa ameanza kuugua. Mdogo wake alikwenda mjini, akarudi, akaning'iniza ufunguo msumarini na kusema, "Ile ya kompyuta imekataa." Tukasema tutaishughulikia mgonjwa akipata nafuu.

Jumatatu jioni baraza la mazishi lilikaa chini ya turubai uani kwetu. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu, huyohuyo mdogo wa mume wangu, mtu mwema aliyetaka kila jambo liishe haraka ili lisimuume.

"Tunazika Jumamosi," alisema. "Mchungaji ana nafasi, kaburi linaanza kuchimbwa Alhamisi. Huyo msichana tutamwandikia barua ya kawaida, itamfikia."

Shangazi ya mume wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, anachambua mbaazi. Mama aliyemzaa mume wangu alikuwa ameshakufa, na shangazi ndiye aliyekuwa amebaki wa kizazi chake. Hakuinua macho.

"Itamfikia lini?"

"Baada ya wiki mbili, tatu. Shangazi, wewe unajua posta."

"Kwa hiyo nyinyi mnataka kumzika mtu na mama yake hajui?"

Shemeji akajikuna shingo.

"Shangazi, tusianze hayo. Ni mtoto. Yuko shule."

"Ni mtoto wa nani? Marehemu mwenyewe alikuwa anamwita nani? Niambie wewe mwenyekiti."

Jibu kila mtu alilijua.

Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na akishapewa, hachukuliwi kama mtu aliyerithi jina tu. Anakuwa ndiye. Mume wangu hakuwahi kumwita binti yetu kwa jina. Alimwita Mwaitu, yaani mama, tangu siku alipomshika mara ya kwanza. Mtoto akikataa uji, baba yake alisema, "Mwaitu ameshiba, nani atamlazimisha?" Alipotaka kuuza mbuzi alimuuliza kwanza, na mtoto akiwa na miaka minne alikuwa akikaa kwenye kigoda na kusema, "Uza yule mweusi." Na yule mweusi aliuzwa. Mimi kwa upande wangu, kwa kuwa jina lile lilikuwa la mama mkwe wangu, sikulitamka mdomoni mwangu hata siku moja. Mke wa mtu hafanyi hivyo. Nilimwita binti yangu kwa jina lake la ubatizo, au nilimwita Mama, kama walivyomwita wote.

"Hata kuzaliwa ulichelewa," shangazi alimwambia shemeji, akirusha mbaazi iliyooza kwa kuku. "Haraka umeitoa wapi leo?"

Watu wakacheka, kicheko kile kidogo cha matangani, halafu wakanitazama mimi. Niliona kwamba walikuwa wananisubiri. Nilisema, "Nitaenda Kitui kesho. Akishajua, tutazika." Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema ataenda kununua mafuta ya taa. Shemeji akasema sawa, lakini Jumamosi ibaki Jumamosi, kwa sababu mochari haingemngoja mtu, na mchungaji vilevile. Hivyo tukakubaliana. Nilikuwa na muda wa hapo katikati, na si zaidi.

Asubuhi nilichukua ufunguo dukani pamoja na kadibodi yake, ingawa nilijua kadibodi haikuwa na kazi tena. Mkono uliuzoea msumari ule.

Pale Kitui, intaneti ilikuwa katika ofisi ya kupiga taipu, nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye ofisi alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Miaka mingi alikuwa amewafundisha wasichana kupiga taipu, na mashine zake za zamani zilikuwa bado zimepangwa ukutani, zimefunikwa kwa plastiki. Sasa alikuwa na kompyuta mbili. Moja ilifanya kazi.

"Mwalimu, pole sana," alisema. "Nilisikia jana. Kaa hapa. Si hicho, hicho mguu wake mmoja hauaminiki. Hapa."

Nikakaa. Nilimweleza ninachotaka. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Ile anwani ilinipa taabu. Kirusi kiliingia kwa hii mashine yangu, nikaita fundi, akafuta kila kitu. Kila kitu, mwalimu. Anwani za watu, barua, hata picha za harusi ya mpwa wangu. Hujaandika anwani ya msichana mahali popote?"

Sikuwa nimeandika, wala mume wangu hakuandika. Barua yake ilipokuja, ulibonyeza mahali pa kujibu, ukajibu. Ilikuwa kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya uzio, huhitaji anwani. Anwani yake ilikuwa ndani ya kile tulichofungiwa.

"Basi tutapitia mlango wa waliosahau neno la siri," alisema.

Aliunganisha kompyuta na laini ya simu, na kile kisanduku cha mawasiliano kikaanza kulia na kukoroma kama kawaida yake. Ukurasa ulifunguka kidogo kidogo, kuanzia juu, kama pazia linaloteremshwa. Nilisubiri bila haraka yoyote. Naeleza hivi kwa sababu baadaye watu waliniambia nilikuwa na moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Haukuwepo tu.

Swali la kwanza lilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mwenye anwani. Kitambulisho cha mume wangu nilikuwa nacho mkobani, pamoja na karatasi za hospitali, kwa sababu nilikitumia kuchukulia kibali cha mazishi. Nikakitoa. Kilikuwa na mwaka peke yake. Mama yake alikumbuka njaa aliyozaliwa, siku hakuikumbuka.

"Andika Januari mosi," mwenye ofisi alisema. "Wazee wangu wote wa hapa wamezaliwa Januari mosi. Siku moja tutawafanyia sherehe ya pamoja, tuchinje fahali."

Nikaandika. Ikakubali. Alinipiga begani taratibu, kama ninavyowapiga wanafunzi wangu wanapomaliza kuandika jina lao mara ya kwanza.

Swali la pili lilikuwa la siri, lile ambalo mume wangu alilijibu siku alipofungua anwani. Liliandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa: mama yako anaitwa nani?

Nilikaa na mikono mapajani.

"Jina la mama mkwe unalijua, ama?"

"Nalijua."

"Liandike basi."

"Sijawahi kulitamka."

"Kuandika si kutamka, mwalimu. Mdomo wako umefunga. Vidole havina mkwe."

Niliandika jina la mama mkwe wangu, herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu kuolewa. Nilidhani nitasikia kitu, hofu au haya. Sikusikia kitu. Ukurasa ukasubiri, ukarudi na maandishi mekundu. Si hilo.

"Alibatizwa?" mwenye ofisi aliuliza.

"Alibatizwa akiwa mzee."

Nikaandika jina la ubatizo wa mama mkwe. Maandishi mekundu tena, na safari hii yakaongeza kwamba tukikosea mara moja zaidi, mlango ungefungwa kwa muda, na muda wenyewe hawakusema.

Mwenye ofisi akaondoa mkono wake kwenye meza. "Usiguse," alisema. "Tukate laini kwanza, simu inakula. Tunywe chai, tufikiri."

Alileta chai na mkate uliopakwa siagi. Nilikula mkate wote, hadi ukoko, na nilipomaliza nikashangaa kuona sahani tupu. Alianza kuniuliza, kwa upole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Labda aliandika kwa herufi kubwa? Labda aliweka majina yote mawili? Labda aliandika mama wa kambo?

"Hakuwa na mama wa kambo."

"Sasa mtu akimuuliza mumeo, mamako yuko wapi, alikuwa anasema nini? Nyumbani. Mgeni akija."

Nikamjibu bila kufikiri. "Alikuwa anasema, yuko shule."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Miaka yote ile, mgeni akiuliza hali ya mama, mume wangu alisema Mwaitu yuko shule, Mwaitu amepita mtihani, Mwaitu anataka viatu. Ilikuwa mzaha mwanzoni, halafu haukuwa mzaha tena. Na siku alipofungua anwani ile, ili amwandikie huyohuyo, wakamuuliza mama yake anaitwa nani. Mama aliyemzaa hakupenda kumtaja, kwa heshima. Mama aliyekuwa hai, yaani binti yetu, alikuwa na jina la ubatizo, ambalo shule zililitumia na ambalo liliandikwa kwenye pasipoti.

"Rudisha laini," nilisema.

Niliandika jina la ubatizo la binti yangu. Pazia likateremka polepole. Halafu wakatuambia tuchague neno jipya la siri.

"Mwalimu!" mwenye ofisi alipiga kelele, hadi mwenye duka la vitambaa akachungulia. "Umeona? Umeona wewe?"

Nilisema ndiyo, nimeona. Alinikumbatia nikiwa nimekaa, miwani yake ikanigonga kichwani. Nilifurahi kwa ajili yake.

Ndani mlikuwa mmejaa takataka. Barua za kirusi zilizokuwa zimerudi kwa kukosa mtu, barua za hasira kutoka kwa watu tusiowajua, matangazo. Tulitafuta hadi tukapata ya binti yetu, ya majuma kadhaa nyuma, fupi. Aliandika kwamba barua za baba zilikuwa zinakuja na ugonjwa, kwamba chuo kilikuwa kimewaonya wasifungue chochote kutoka anwani hiyo, kwamba tafadhali baba aitengeneze, na yeye angesubiri. Nambari ya simu hakuiweka. Naelewa kwa nini. Ungeacha nambari yako kwa mtu aliyevaa koti la baba yako?

Nilianza kumjibu. Miaka yangu yote ya kufundisha niliwafundisha kina mama kwamba barua huanza kwa salamu, halafu hali ya afya, halafu dhumuni. Vidole vikaandika vyenyewe: Natumai u mzima wa afya, sisi hapa pia tu wazima. Niliitazama sentensi ile. Mwenye ofisi naye akaitazama. Nikaifuta herufi kwa herufi, na nikaandika:

Ni mimi mama yako. Baba amefariki Jumapili. Tunazika Jumamosi nyumbani. Piga simu kwa nambari hii, niko hapa ofisi ya taipu Kitui.

Ikaenda. Tukakata laini ili simu iweze kulia, kwa sababu kwa wakati ule laini ilikuwa moja. Kompyuta ikiongea, simu inanyamaza. Tukakaa. Watu waliingia kutaka kupigiwa taipu barua za kuomba kazi, na mwenye ofisi akawapigia. Simu ililia mara mbili, watu wengine. Mchana ulipopita tukaunganisha tena, tuone.

Alikuwa amejibu. Nilisoma mwenyewe kwanza, halafu mwenye ofisi akasoma juu ya bega langu, midomo ikitembea.

Sijui wewe ni nani. Anwani hii imekuwa ikiniletea uchafu. Mchezo mwingine ningeuvumilia, si huu. Muache baba yangu. Kama kweli wewe ni mama, niambie, asubuhi niliyoondoka, ulirudi nyumbani kuchukua nini?

"Mtoto ana akili," mwenye ofisi alisema kwa sauti ndogo. "Ulirudi kuchukua nini?"

Asubuhi ile gari lilikuwa barabarani, limewashwa, sanduku limeshafungwa kwa kamba juu. Watu wa kanisa walikuwa wameimba, wameomba, wameshikana mikono. Mimi nikasema, "Ngojeni, nimesahau sweta yake," nikarudi mbio. Hapakuwa na sweta. Sweta alikuwa amevaa. Nilizunguka nyuma ya ghala, nikaweka leso mdomoni, nikalia kama mtu anayetapika, nikiwa nimeshika nguzo ya ghala kwa mkono mmoja. Nilimlilia mtu aliyekuwa anakwenda kusoma tu. Halafu nikanawa uso kwenye pipa la maji, nikarudi garini mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza sweta iko wapi. Mume wangu alikuwa anabishana na dereva. Binti yangu alikuwa dirishani, alinitazama uso, akatazama mikono yangu, akageuza kichwa.

Nilikuwa sijui kwamba aliona. Yeye naye hakujua kwamba mimi sijui.

Nikaandika: Nilisema nimesahau sweta. Ulikuwa umeivaa. Nilirudi bila kitu.

Mwenye ofisi hakuuliza maana yake. Alibonyeza kutuma, akachomoa waya wa kompyuta mwenyewe, akaweka simu katikati ya meza, akaisukuma karibu yangu. Mteja aliingia na karatasi zake, naye akamwambia, "Nenda urudi kesho, baba. Leo kuna msiba hapa."

Tulikaa tukiitazama ile simu nyeusi. Nilifikiri, kwa namna ya mbali, kwamba mwanamke aliyelia nyuma ya ghala alikuwa mimi, na kwamba machozi yale alikuwa nayo mengi. Nilijaribu kumwita. Niliwaza mambo ambayo yangepaswa kuniliza: shati la mume wangu hospitalini, kikombe chake. Niliyawaza kwa zamu, kama mtu anayejaribu funguo. Hakuna uliogeuka.

Simu ikalia. Mwenye ofisi akaniashiria niishike mimi.

"Mami?"

Sauti ilikuja ikiwa na mwangwi nyuma yake, ikinifikia mara mbili.

"Ni mimi."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama. Jumapili."

Nilisikia laini. Halafu nikasikia analia, kilio kilichokuja mara mbili, chake na mwangwi wake, na mimi nikashikilia simu sikioni hadi kilipopungua. Sikumwambia anyamaze. Nilikaa naye. Hilo nililiweza.

"Siwezi kufika Jumamosi," alisema baadaye. "Hata nikiuza kila kitu."

"Najua. Hatukukuita uje. Tulitaka ujue kabla."

"Nani alisema?"

"Shangazi ya baba yako. Alisema mtu hawezi kuzikwa na mama yake hajui."

Akacheka ndani ya kilio, pumzi moja tu. "Na udongo wangu?" aliuliza. "Nani atanitupia?"

"Mimi."

"Kabla ya wako, mami. Mama huanza."

"Kabla ya wangu."

Laini ikakatika hapo, labda hela zake zilikuwa zimekwisha. Niliweka simu mahali pake. Mwenye ofisi alikuwa analia, ametoa miwani, uzi unaning'inia. Nilimshukuru. Nilimsaidia kufunika mashine za taipu kwa plastiki, kwa sababu ulikuwa wakati wa kufunga. Kabla ya kutoka aliniuliza nimechagua neno gani jipya la siri, nami nikaanza kumwambia, akaziba masikio. "Usiniambie! Mwalimu, usimwambie mtu!" Basi hilo nalo nikajifunza, na ningependa wewe ujifunze bila kupitia nilikopitia.

Jumamosi tukazika. Mchungaji alipotuita, nilisogea ukingoni nikachota udongo kwa mkono wa kulia. Shangazi alikuwa nyuma yangu na fimbo yake. "Huo ni wa mama yake," alitangaza, ili watu wote wasikie, na wanawake wakaitikia. Nikautupa. Ulikuwa mkavu, upepo ukachukua nusu. Halafu nikachota mwingine, wangu, nikautupa juu ya ule. Shemeji alikuwa analia wazi, uso umelowa, kijana wangu amemshika kiuno. Mimi nilijipangusa viganja, nikasimama pembeni kuwapisha wengine.

Jirani mmoja alinijia akanishika mkono, akanitazama machoni akitafuta kitu cha kufariji. Nilimuuliza kama wageni wa Matiliku walikuwa wamepata chai. Alisema bado. Nikaenda jikoni kuona kama maji yamechemka.